Kidonge Kilichokatwa kwa Wembe

Nilipata kazi katika kampuni ya dawa kwa sababu nilikaa nusu saa mbele ya bwana mkubwa bila kukohoa. Tuliitwa watu sita, wote tumesoma kiasi, wote tunajua Kiingereza cha kutosha kuombea kazi. Bwana alituweka kwenye benchi, akaendelea kuandika barua zake, na kila aliyekohoa alishukuriwa na kuonyeshwa mlango. Mimi koo lilianza kunikereketa mapema. Nililibana mpaka machozi yakanitoka, na bwana alipoinua macho akadhani nina hamu kubwa ya kazi. Hakukosea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, ilikuwa bado ipo lakini imeanza kuchoka, na sisi tulikuwa tumechoka kabla yake. Nilikuwa nimeoa, nakaa Bondeni, Nakuru, katika chumba kimoja cha manispaa, na kila asubuhi nilitembea hadi ghala la kampuni nyuma ya stesheni ya reli. Kampuni ilikuwa ikiuza dawa ya minyoo ya ng'ombe, dawa ya kupe, na sharubati ya kikohozi ambayo ilikuwa tamu sana na haikumdhuru mtu. Halafu wakaleta kidonge kipya cha kifua kikuu.

Kifua kikuu kilikuwa kila mahali miaka hiyo. Kilikuwa kwenye kambi za wafanyakazi mashambani, kilikuwa kwenye nyumba za reli, kilikuwa Bondeni. Hospitali ilikuwa na vitanda vichache, na aliyepata kitanda alikaa pale mpaka apone au mpaka kitanda kiachwe wazi kwa njia nyingine. Wengine walirudishwa nyumbani na kuambiwa wanywe maziwa na wakae mahali penye hewa safi. Huko mashambani hewa safi ilikuwa tele, ilipita hata katikati ya mbao za ukuta.

Basi kukafanywa mkutano, na mimi nikabeba makaratasi ya bwana. Walikuwapo daktari wa serikali, wenye mashamba wanne, na bwana wetu. Serikali ilisema haina dawa za kutosha kwa sababu yenyewe si kampuni ya dawa. Kampuni ikasema inasikitika sana, lakini yenyewe si serikali. Wenye mashamba wakasema wao si hospitali. Kila mmoja alipokwisha kueleza kile ambacho si yeye, chai ikaletwa. Baada ya chai bwana wetu akasimama akasema kampuni, kwa moyo wa kuwasaidia watu, itagawa vidonge vipya bure kwa mwaka mzima katika mashamba hayo manne, ili ionekane vinafanya kazi namna gani. Wote wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na nilipiga kwa dhati, maana moja ya mashamba hayo ndilo alilokaa dada yangu.

Dada yangu alikuwa mchuma pareto juu ya Njoro, mahali ambapo baridi inaingia kwenye mifupa na kukaa humo kama mpangaji. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na dada ndiye aliyenilea. Maua ya pareto aliyochuma ndiyo yaliyonisomesha, na mikono yake ilinuka pareto hata Jumapili. Tangu mvua za mwaka uliopita alikuwa anakohoa, na kabla ya Krismasi akaanza kutema damu. Alinificha jambo hilo kwa muda, kwa kuzika vitambaa nyuma ya nyumba. Hilo nililijua kutoka kwa mbwa wa jirani, aliyevifukua.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kuandika. Katika kila shamba tulitakiwa kupata wagonjwa arobaini. Ishirini wangepewa chupa ya vidonge, na ishirini wangepewa pole na mzani wa kuwapima uzito. Bwana alinieleza sababu tukiwa kwenye gari, na alinieleza kwa Kiswahili chake, ambacho alikuwa amejifunza kutoka kwa wapishi wake Milimani na kukitumia kama mtu anayepasua kuni.

"Ishirini nakula dawa, ishirini hapana kula," alisema. "Baada ya mwaka moja, sisi naangalia. Kama wale nakula iko mzuri kupita wale hapana kula, dawa iko mzuri. Hii ndiyo sayansi."

"Na kama wote wakila, bwana?"

"Kama yote nakula, mimi talinganisha na nani?"

Siku ya kuandika majina niliandika jina la dada yangu la kwanza katika orodha ya wenye chupa. Sikuona aibu wakati ule, na sasa ni mzee na bado sioni.

Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe, tulipita tu bila kusimama, ingawa niliwaona watu huko wakikohoa. Bwana alisema penye vumbi jingi mtu anaweza kukohoa kwa sababu mbili, naye alitaka watu wenye sababu moja.

Siku ya kugawa, kambi nzima ilikusanywa mbele ya banda la kukaushia pareto. Bwana alisimama juu ya sanduku. "Ambia hawa watu, hii dawa si sukari. Mtu moja, chupa moja. Kidonge moja asubuhi, moja jioni. Chupa naisha, yeye nalete chupa, mimi napa ingine. Mtu hapana fuata sheria, mimi natoa jina yake."

Nilitafsiri vizuri, tena nikaongeza maelezo yangu, kwamba ugonjwa huu ni mkaidi na ukimeza nusu nusu unajificha tu. Watu walitikisa vichwa kukubali, kwa heshima, kama walivyotikisa kwa kila jambo lililosemwa na mtu aliyekuja kwa gari. Dada yangu alitikisa kichwa kuliko wote. Nilijivuna siku ile. Nilimwambia mke wangu kwamba dada atapona kabla ya mwaka kwisha, nikalisema kama mtu aliyetengeneza dawa mwenyewe.

Tulikuwa tunarudi kila baada ya wiki mbili. Chupa zilikuja zikiwa tupu, zote ishirini, zimeoshwa. Bwana alifurahi sana. Alisema kwingine duniani watu wanasahau dawa zao, wanazitupa, wanawauzia wengine, lakini watu wa hapa ni watiifu ajabu. Aliandika hivyo katika barua kwenda ng'ambo, na mimi nikaipeleka posta.

Mwezi wa pili wa kugawa, bwana akiwa kwa mwenye shamba anakula chakula cha mchana, nilikwenda nyumbani kwa dada. Alinipa chai. Nikakohoa, kikohozi kidogo tu cha mtu aliyepanda mlima ndani ya gari lisilo na kioo. Dada akaweka kikombe chake chini, akatoa sahani ya bati, akaigeuza kifudifudi. Juu ya kitako cha sahani akaweka nusu ya kidonge cheupe. Akaninyooshea.

"Meza."

"Dada, hii ni dawa ya wagonjwa. Mimi ni mtu wa kampuni."

"Kwani kampuni ndiyo ilikuzaa? Hiyo kikohozi yako siipendi. Meza."

Mtu akilelewa na dada yake, hata awe na mke na kofia, kuna sauti moja ambayo akiisikia anafungua mdomo. Nilimeza. Ndipo nikauona wembe. Ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa safi kando ya sahani, na kitako cha sahani kilikuwa na mikwaruzo mingi iliyonyooka. Nikauliza wembe huo ni wa nini, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

Akanieleza bila kuficha, kama mtu anayeeleza jinsi anavyopika. Kidonge cha asubuhi anakikata vipande vitatu: chake, cha mama jirani, na cha mkamua maziwa wa nyumba ya tatu. Cha jioni anakikata viwili: nusu yake, nusu inakwenda kwa mke wa mtu wa trekta. Mama jirani alikuwa katika orodha yangu ya pili. Mkamua maziwa naye alikuwa humo. Mke wa mtu wa trekta pia. Nilikuwa nimewaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kama watu wasiokula dawa.

"Dada, uliambiwa mtu mmoja chupa moja. Nilikuambia mimi mwenyewe!"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Sasa nimeze peke yangu, na huyu mama anakohoa hapo ukutani mpaka asubuhi, ananisikia nikifungua chupa? Chumvi tunagawana. Sukari tunagawana. Moto wangu ukizima naenda kwake na kigae. Leo nifiche dawa?" Akaninyang'anya kikombe akakijaza tena. "Wewe umekaa sana Bondeni."

Nikamuuliza kama ni yeye peke yake anayefanya hivyo. Akacheka hadi akakohoa. Kambi nzima ilikuwa inafanya hivyo, na alisikia kambi za mashamba mengine pia. Kulikuwa na wembe karibu kila nyumba yenye chupa, na nyumba moja ya wazee waliotetemeka mikono ilikuwa ikipeleka vidonge vyake vikakatwe kwa dada, kwa sababu alikuwa na mkono mtulivu. Kwa desturi ya kambi, kitu kikiingia kwenye safu ya nyumba kimeingia kwa wote, na mwenye kula amejifungia ndani alisemwa vibaya kuliko mwizi. Kampuni ilikuwa imeleta dawa kwa desturi yake, watu wakaipokea kwa yao.

Nilirudi kwenye gari. Nilijua la kufanya, na nilijua pia kitakachofuata nikilifanya. Nikisema, bwana atatoa majina, na la dada litakuwa la kwanza, kwa kuwa nililiandika la kwanza. Theluthi ya asubuhi na nusu ya jioni ni afadhali kuliko sharubati. Nilijiambia kwamba labda dawa hiyo itamtosha. Bwana akauliza, "Wao nafuata sheria?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nikaweka alama ya vyema kwenye karatasi ishirini.

Kitu pekee nilichojaribu kilikuwa kuomba chupa zaidi. Nilisema wagonjwa ni wengi kuliko chupa. Bwana alisema hilo analijua, linamsikitisha, na mwaka ukiisha dawa ikionekana ni nzuri, patakuwa na mazungumzo. Nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya yule bwana. Aliwahi kulisimamisha gari ili kobe avuke barabara.

Kila nilipofika kwa dada, sahani iligeuzwa kifudifudi. Nilipinga mara ya pili na mara ya tatu, halafu nikaacha. Nilikuwa nameza nusu yangu kwa chai, kisha natoka nje na kuwaeleza watu umuhimu wa mtu mmoja chupa moja. Walinisikiliza kwa adabu ile ile. Nadhani baadhi yao walinihurumia.

Mwaka ulipokwisha, lori la eksirei likaja na daktari wa kampuni kutoka ng'ambo, mtu mwembamba asiyecheka. Watu arobaini wa kila shamba wakapigwa picha vifua, wakapimwa uzito, wakatemeshwa makohozi kwenye vikopo. Daktari alikaa siku tatu katika ofisi ya shamba la kina dada na makaratasi yangu. Siku ya nne akatuita barazani, mimi na bwana, akasema jambo la ajabu limetokea. Wenye chupa na wasio na chupa walikuwa sawa. Wote walikuwa na nafuu kidogo. Hakuna aliyepona, na waliokufa walikuwa wachache kuliko alivyotarajia, kwa pande zote mbili. Akasema kwa hesabu hiyo kidonge hakifanyi kitu, na ule unafuu ni wa hali ya hewa.

Hapo nikasema. Sijui kama ulikuwa ujasiri. Nilichokiona ni kwamba sasa kunyamaza kutamnyima dada chupa kama vile kusema kungemnyima, na angalau nikisema watajua kwamba dawa ni nzuri. Nilieleza juu ya wembe, sahani, na desturi ya safu za nyumba. Bwana alikaa chini polepole.

"Tangu lini wewe najua hii maneno?"

"Tangu mwezi wa pili, bwana."

Daktari akataka kumwona mgonjwa mmoja. Nikaenda kumwita dada. Alikuja na kikapu chake mgongoni, maana kulikuwa na maua ya kuchuma, akasimama chini ya ngazi za baraza.

"Wewe nagawa dawa?" bwana akamuuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

Dada alimtazama kuona kama ni swali la kweli. "Walikuwa wagonjwa, bwana."

"Mimi nasema mtu moja, chupa moja! Sasa nani napona? Ambia mimi. Nani napona?"

"Tumepona kidogo kidogo, sisi sote."

Bwana akanigeukia akaniambia nimtafsirie daktari. Nilitafsiri. Daktari aliandika, kisha akakata alichoandika. Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi, nikaona haya mbele ya dada yangu, haya ambayo sijawahi kuipata mbele ya mtu mwingine.

Jibu kutoka ng'ambo lilichukua miezi miwili. Lilikuwa barua fupi na ya heshima. Kampuni ilifurahi kusikia kwamba kidonge hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la watu, ambao hawakufaa kwa uchunguzi wa namna ile, hivyo uchunguzi ungehamishiwa nchi nyingine. Kidonge kitauzwa katika duka la dawa mjini kwa kila atakayekihitaji. Bei yake sikuiuliza mara mbili. Mkutano ukafanywa tena. Serikali ikasema italiweka jambo hilo katika mipango yake. Wenye mashamba wakaishukuru kampuni kwa moyo wake. Chai ikaletwa.

Ghalani kulikuwa na masanduku tisa yaliyobaki, yote yamejaa chupa. Nilimwomba bwana yale masanduku yaende kwenye mashamba, au hata sanduku moja, kwa shamba moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye anasikia huruma, lakini mali ya uchunguzi inarudi ilikotoka, na kampuni si kanisa. Nilikuwa nimemsikia akisema si serikali, na wenye mashamba wakisema si hospitali, kwa hiyo niliongeza hilo kwenye orodha. Siku hizi nikisoma gazetini kwamba makampuni ya dawa yana wajibu kwa jamii, naangalia kwanza kama pale chini wameandika wao si nani.

Nilipakia masanduku yale kwenye behewa kwa mikono yangu. Hakuna aliyekuwa ananilinda. Kifuniko cha moja kilikuwa kimelegea, na koti langu lilikuwa na mifuko miwili mikubwa. Sikuchukua hata chupa moja. Mke wangu aliniuliza kwa nini, nami nikasema wangenifuta kazi. Ilikuwa kweli, na ni sababu mbovu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani mwangu. Najua chupa mbili zisingemponya, na angezigawa. Bado ningetaka azigawe.

Dada alifariki katika mvua za masika zilizofuata. Waliombeba ni mtu wa trekta, mkamua maziwa, na wengine wa safu ile, na walibadilishana mara nyingi njiani kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kufika mbali. Mama jirani alinipa ile sahani ya bati. Chupa ya mwisho alikuwa amebaki nayo yeye, anatilia chumvi.

Niliacha kazi ya kampuni mwaka huo huo nikaomba kazi kwenye ofisi nyingine mjini, na safari hii hawakuniweka kwenye benchi. Walinipeleka nikapigwe eksirei. Daktari aliinua picha dirishani, akaniita nikaribie. Akanionyesha alama nyeupe upande wa juu wa pafu la kushoto, ndogo, kama punje ya mtama.

"Hili ni kovu," alisema. "Ulikuwa na kifua kikuu. Kimefunga chenyewe. Wewe una bahati sana, najua wengi ambao hawakuwa nayo. Ulitumia dawa gani?"

Niliwahi kumuuliza daktari mwingine, miaka mingi baadaye, kama nusu ya kidonge kila baada ya wiki mbili inaweza kuponya kifua. Akasema haiwezi kuponya hata kuku. Sikubishana naye, yeye amesomea. Lakini siku ile, mbele ya dirisha, nilikuwa natazama ile punje na kufanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya barabarani wala kwenye chai. Cha asubuhi kilikwenda vipande vitatu. Cha jioni kilikuwa nusu yake na nusu ya mke wa mtu wa trekta. Hapakuwa na kipande kilichobaki cha kunipa mimi isipokuwa chake mwenyewe.

Daktari alikuwa anangoja na kalamu. Nikamwambia sikuwahi kutumia dawa yoyote. Kwenye makaratasi ya kampuni, kwa mwandiko wangu, vidonge vyote alimeza dada.